Kiumbe mkali wa jamii ya kamba katika Bwawa la Nairobi: tabia gani zitaaminika?

Kalamu ya Lang'ata ameuliza:

Salamu nyingi, wakubwa kwa wadogo. Ninaandika riwaya ambayo sehemu yake kubwa inatokea kwenye Bwawa la Nairobi, lile lililojengwa mwaka 1953 kwa kuuzuia Mto Motoine ili liwe akiba ya maji ya jiji, na ambalo kwa miaka mingi limefunikwa na magugu maji na kujaa taka zinazoteremshwa na mvua kutoka mitaa ya juu. Ndani ya bwawa hilo nimemweka kiumbe wa kubuni ninayemwita kambashoka. Ni wa ukoo mmoja na kamba na kaa: ana gamba gumu jeusi na jozi tano za miguu, na jozi ya mbele imekuwa magando. Gando lake la kulia ni kubwa kuliko la kushoto na lina makali upande wa ndani. Urefu wake, ukiacha magando, ni kama wa mkono wa mtu mzima kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole.

Katika rasimu ya kwanza, kambashoka hushambulia kila kinachogusa maji, awe bata, mbwa, mzoa taka au mtoto aliyefuata mpira, mchana na usiku, Januari hadi Desemba. Rafiki niliyempa mswada asome, ambaye kazi yake ni kutibu mifugo, aliurudisha akiwa ameandika pembeni kwamba mnyama wa namna hiyo angekufa njaa kabla ya sura ya tatu. Hakueleza zaidi.

Naomba msaada wa wanaojua. Ni nini hasa huwafanya wanyama wa jamii hii wawe wakali, na je, ukali huo ni wa kudumu au una majira yake? Angewezaje kuishi katika maji machafu kiasi kile? Wakishaongezeka, bwawa lingebadilika vipi, na nani angewala? Riwaya ni ya kubuni na itabaki hivyo, lakini ningependa kanuni za maisha yake zipatane, ili msomaji aliyewahi kukaa kando ya mto asinicheke.

Mwalimu wa Baiolojia, Umoja, amejibu:

Ndugu Kalamu, rafiki yako amesema kweli, ingawa angekufaa zaidi kama angetaja sababu. Ukali una gharama. Mnyama anayepigana hutumia nguvu, hujitangaza kwa wanaomwinda, na huhatarisha viungo ambavyo akivipoteza itambidi aviote upya kwa chakula ambacho kingemkuza. Kwa hiyo wanyama wa jamii hii, ambao kwa hakika ni wagomvi, hugombana kwa sababu na kwa utaratibu. Ukimpa kambashoka wako sababu chache za kuwa mkali, pamoja na nyakati ambazo hathubutu hata kuchungulia, msomaji atamwogopa zaidi, kwa maana atakuwa anaona linalokuja.

Nitamtumia kama kielelezo kamba mwekundu wa Louisiana, ambaye wataalamu humwita Procambarus clarkii, kwa kuwa amechunguzwa sana na yuko hapa jirani, Naivasha. Wawili wakikutana hawarukiani papo hapo. Hupapasana kwanza kwa vipapasio, kisha kila mmoja huinua mwili na kutandaza magando ili aonekane mkubwa. Wakilingana, husukumana gando kwa gando. Na ni pale tu ambapo hakuna anayekubali kurudi nyuma ndipo wanaposhikana na kujaribu kung'oana viungo. Mapambano mengi huisha kabla ya hatua hiyo. Jambo ambalo mwandishi hapaswi kuliacha ni kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo yao hupitia kwenye mkojo. Tezi zinazoutoa ziko kichwani, penye mashina ya vipapasio, na wakati wa ugomvi mnyama humrushia mpinzani wake mkojo wenye kemikali zinazoeleza hali aliyo nayo. Aliyekwisha kushindwa huwahi kuondoka anapokutana tena na mbabe wake, na kwa njia hiyo hujengeka ngazi ya wakubwa na wanyonge ambayo hupunguza vita badala ya kuviongeza. Vita huongezeka mashimo ya kujificha yanapokuwa machache, kwa sababu asiye na shimo hana maisha.

Kuna jambo lingine ambalo kwa mtunzi wa hadithi ni zawadi. Watafiti waliwahi kuwadunga kamba wanyonge serotonini, kemikali iliyomo pia katika ubongo wetu, na wanyonge hao wakaanza kurudi vitani dhidi ya mabwana waliokuwa wakiwakimbia. Mabaki ya dawa za binadamu yamepatikana katika maji ya mfumo wa Mto Nairobi, na miongoni mwa dawa zinazotumiwa duniani kutuliza huzuni zimo zinazogusa serotonini hiyo hiyo. Mimi sidai kwamba mito yetu inazalisha kamba wendawazimu. Nasema kwamba mtunzi akitaka kueleza kwa nini ngazi ya utii imevunjika bwawani, sababu anayo, wala hahitaji mionzi wala laana.

Sasa njoo kwenye kujivua gamba, kwa kuwa maisha yote ya wanyama hawa yanazunguka hapo. Gamba halikui. Mwenye gamba akitaka kukua hana budi kulipasua na kutoka ndani yake, na kwa muda baada ya hapo mwili wake wote ni laini na magando yake hayawezi kubana chochote. Kabla ya siku hiyo huvuta sehemu ya kalsiamu kutoka gamba la zamani na kuiweka akiba katika ukuta wa tumbo, kwa umbo la vijiwe viwili vyeupe. Akishatoka, hunywa maji ili mwili utanuke, huviyeyusha vile vijiwe ili sehemu za mdomo zikauke mapema na aweze kula, na mara nyingi hulitafuna gamba alilolivua ili asipoteze madini yake. Maji ya mito hayana kalsiamu nyingi kama ya bahari, kwa hiyo akiba hiyo si ya anasa. Wenzake wakimkuta katika hali hiyo humla bila kusita. Ina maana kwamba kambashoka mkubwa kuliko wote, yule anayeutisha mtaa mzima, lazima apitie vipindi ambavyo kinda wa msimu uliopita anaweza kummaliza. Wadogo hujivua mara kwa mara na wakubwa mara chache, lakini hakuna anayesamehewa. Mimi ningempa msomaji sura nzima ya usiku huo.

Jike ni habari nyingine. Hubandika mayai chini ya mkia kwa ute, mamia ya mayai kwa huyu wa Louisiana, na huyapepea kwa viguu vidogo ili maji yenye oksijeni yapite katikati. Wakati huo hukaa shimoni, hula kidogo, na humfukuza yeyote anayesogea. Watoto wakianguliwa huendelea kumng'ang'ania mpaka wajivue mara kadhaa, ndipo watawanyike. Kama unataka mhusika wako aumizwe bila mnyama kugeuzwa shetani, mwache aingize mkono katika shimo la jike mwenye mayai.

Kuhusu maji machafu, kumbuka kwamba Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa kanieneo ya hewa ya huku ni ndogo, maji yetu hubeba oksijeni kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi ya pwani yenye joto lile lile. Ongeza taka zinazooza, ongeza tabaka la magugu maji linalozuia mwanga na hewa, na utaona kwamba alfajiri samaki wengi hawana cha kupumua. Kamba wa Louisiana hustahimili: hupanda hadi karibu na uso, au hutoka kabisa na kutembea nchi kavu, mradi matamvua yake yabaki na unyevu. Usiku wa mvua za masika basi ndio usiku wa kambashoka kuhama kutoka bwawani kwenda kwenye mitaro. Baridi ya Julai, kinyume chake, itampunguzia kasi, kwa sababu joto la mwili wake ni joto la maji aliyomo. Januari hadi Desemba haiwezekani.

Mvuvi Mstaafu, Kayole, amejibu:

Mwalimu ameeleza vizuri nami sina elimu ya kumpita. Nilivua Naivasha kwa miaka kabla sijahamia huku, na kuna mambo ambayo mtu huyajua kwa kuvuta nyavu.

Kijana wangu, kamba wale hawakuwa wa kwetu. Waliletwa ziwani mwaka 1970 kutoka Uganda, ambako nako walikuwa wamepelekwa kutoka Marekani. Nia ilikuwa wawe chakula cha samaki wawindaji walioletwa zamani kutoka huko huko Marekani, na pia wawe biashara. Biashara ilipatikana kweli, na mzigo ulisafirishwa hadi Ulaya, ambako kamba wa asili walikuwa wameuawa na ugonjwa wa ukungu ambao kamba wa Marekani huubeba bila wenyewe kuugua. Lakini ziwani kwetu, kufikia miaka ya 1980, mayungiyungi ya buluu yaliyokuwa yametanda kando kando yalikuwa yametoweka, na majani ya chini ya maji pamoja nayo. Hakuna aliyeona vita yoyote. Walikuwa wanakula tu. Hukata shina chini, hula kidogo, kilichobaki kinaelea na kwenda zake. Majani yakiisha, kamba nao hupungua. Wakishapungua, majani hurudi. Majani yakirudi, kamba hujaa tena. Mambo yalienda hivyo, yakipanda na kushuka, mpaka samaki aina ya karpi walipoingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuwa wengi kuliko wote. Mwandishi akitaka kuonyesha bwawa linavyoharibiwa na kiumbe, aanze na majani, asianze na damu.

Ukali wao tuliujua kwenye nyavu. Ukitega nyavu jioni na ukachelewa kuzitoa asubuhi, utakuta wamepanda juu yake na kuwala samaki walionaswa, wakianzia tumboni ambako ni laini. Wenyewe nao hunaswa kwa magando, na kuwatoa ni kuuchana wavu. Hapo kila mmoja anagombania nafasi yake juu ya mzoga, na ukiingiza mkono bila kutazama utakiona. Lakini yule yule ukimkuta peke yake mahali peupe, mchana, hakungoji. Hupiga mkia chini ya tumbo pigo moja, na kurudi kinyumenyume kwa kasi ambayo jicho halifuati. Kambashoka wako awe mwizi kwanza, askari baadaye, na mwoga akikutwa nje ya nyumba yake.

Jambo la tatu ni mashimo. Kamba hawa huchimba kingo, na maji yakipungua hushuka na maji, shimo likazidi kwenda chini. Mlangoni utaona matope yamerundikwa. Nchi nyingine wametoboa kingo za mifereji na mashamba ya mpunga mpaka maji yakatoroka. Mimi nikisoma habari ya mnyama anayekata watu miguu, nitasema ni hadithi. Nikisoma kwamba ukingo wa bwawa umejaa matundu na mvua kubwa inakuja, hapo nitakaa wima, maana chini ya lile bwawa kuna watu wanaoishi.

Msomaji wa Ngara amejibu:

Nawashukuru Mwalimu na Mzee, lakini nina swali kwa Kalamu mwenyewe: huyu kambashoka ametoka wapi? Bara la Afrika, ukiacha kisiwa cha Madagaska, halina kamba wa asili wa aina hii katika maji baridi. Wote waliopo ni wahamiaji, wakiwemo wale wa Australia walioenea kwenye Mto Kafue na Ziwa Kariba. Ukiandika kwamba amekuwapo Motoine tangu enzi za mababu, msomaji anayejua atakukataa ukurasa wa kwanza. Una njia mbili: ama mtu amwage ndoo, jambo ambalo hutokea sana kwa wafugaji wa samaki wa mapambo wanaochoka na wanyama wao, ama umzae kutoka kwa kaa wa mto, ambaye ni mwenyeji wetu halali.

Mimi ningekushawishi uchague kaa. Kaa wa mito yetu, wa jenasi Potamonautes, hana haja ya bahari hata kidogo: mayai yake huanguliwa chini ya fumbatio la mama, na kinachotoka ni kaa mdogo aliyekamilika, ambaye hukaa hapo mpaka aweze kujitegemea. Hutoka usiku, hutembea nchi kavu, hula majani yaliyooza pamoja na wadudu na mizoga. Na ana uhusiano na historia ya nchi hii ambao waandishi wetu wameuacha bure. Magharibi mwa Kenya palikuwa na upofu uliosababishwa na vimelea vinavyoenezwa na usubi, na usubi wa huko, Simulium neavei, ana tabia ya ajabu: viluwiluwi wake huishi wamejishikiza kwenye magamba ya kaa wa mto. Watafutaji walihangaika kuwaona kwenye mawe na majani, kumbe walikuwa wanatembezwa. Usubi huyo aliangamizwa nchini kwa kutia dawa ya DDT mitoni katika miaka ya 1940 na 1950. Kiumbe wako mkali akibeba mgongoni kitu kidogo kilicho hatari kuliko magando yake, hadithi itakuwa na tabaka la pili.

Lipo pia jambo linaloweza kuwagawa wahusika wako. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya na wenzao wa Marekani walijaribu kuwatumia kamba wa Louisiana dhidi ya kichocho hapa nchini, kwa kuwa kamba hao huwala konokono wanaobeba vimelea vyake, na konokono walipungua kweli. Tuseme basi kambashoka anawala konokono wa bwawani. Mama ambaye mtoto wake ameacha kukojoa damu atakubali wauawe? Na jirani yake aliyeumwa kidole atasemaje? Hapo ndipo mimi, kama msomaji, ningeshindwa kukifunga kitabu.

Wawindaji usiwatafute mbali. Fisi maji hula kaa kwa wingi kuliko vitu vingi, lakini sidhani atavumilia bwawa lile. Korongo, mnandi na wale marabu wanaokaa kwenye miti karibu na uwanja wa Nyayo wangefika siku ya kwanza, na wangewachukua wadogo na waliojivua. Mtu naye ni mwindaji: kama kuna nyama, kuna atakayeikaanga na kuiuza, na kamba wanaoishi kwenye matope ya viwandani hukusanya madini mazito mwilini.

Kalamu ya Lang'ata amejibu:

Nimesoma majibu yote kwa makini na ninawashukuru kwa heshima zote. Nimeamua kwamba kambashoka atakuwa mhamiaji aliyemwagwa na mtu, kwa sababu nataka bwawani pawepo na mwanadamu wa kulaumiwa, na dada wa Ngara anisamehe kwa kumwacha kaa, ingawa habari ya konokono nitaichukua bila aibu. Julai itakuwa kimya, masika yatakuwa ya kuhama, na ukingo utatobolewa.

Mchapishaji ninayezungumza naye anapenda mnyama awe mkubwa zaidi, wa mita moja na nusu, na wawe maelfu. Mwalimu, je, hilo linawezekana bila kuvunja kanuni? Tena gando la kulia kuwa kubwa daima, linakubalika? Na kwa Mzee wa Kayole nina swali dogo la utendaji: mtu akishabanwa, hujinasuaje?

Mwalimu wa Baiolojia, Umoja, amejibu:

Chagua moja kati ya hayo mawili, ukubwa au wingi, kwa maana mwili mkubwa hujengwa polepole. Kamba mkubwa kuliko wote wa maji baridi duniani yuko katika mito ya Tasmania, huko Australia. Jina lake la kitaalamu ni Astacopsis gouldi, na zamani walipatikana wa kilo 6. Jike wake hufikisha umri wa kuzaa akiwa na miaka kama 14, hupenda maji safi yenye ubaridi na kivuli, na chakula chake kikubwa ni mbao zilizooza. Wamevuliwa mpaka wakaadimika, na sasa kuwavua ni kosa la jinai. Kiumbe wa namna hiyo akiwekwa Bwawa la Nairobi hatawahi kuwa maelfu. Atakuwa mmoja, mzee, na kila mkazi atajua alipo.

Upande wa pili yuko kamba wa marumaru, aliyegunduliwa kwa wafugaji wa Ujerumani katika miaka ya 1990 na kupewa jina lake la kitaalamu, Procambarus virginalis, mwaka 2017. Wote ni majike, huzaa bila dume, na watoto ni nakala ya mama. Mmoja tu akimwagwa mahali panapomfaa, anatosha kuanzisha kizazi kizima, na Madagaska wanalijua hilo, kwa kuwa ameenea huko kwenye mashamba ya mpunga na mito, mpaka watu humvua na kumuuza sokoni. Huyo ni mdogo, hajai mkononi. Kwa hadithi yako ya mtu aliyemwaga ndoo, mimi ningemfuata huyu: mhalifu wako hahitaji kumwaga jozi, na hataamini kwamba alichokitupa ni kimoja. Mita moja na nusu mwachie mchapishaji aiweke kwenye picha ya jalada, kwa uvumi wa mitaani, maana mashahidi wa usiku huongeza vipimo. Ndani ya maji pawepo na wa kiwikoni wachache na wadogo wasiohesabika.

Gando la kulia kuwa kubwa linakubalika ukiwa na maelezo, kwa kuwa wapo kaa na kamba wa baharini ambao gando moja ni la kuponda na jingine la kukata. Ila kumbuka kwamba gando linalopotea huota upya, na huanza likiwa dogo, kisha hukua kila mnyama anapojivua. Kwa hiyo baadhi ya kambashoka watakuwa na la kushoto kubwa, au yote mawili madogo, na mhusika mwenye macho atamtambua mzoefu wa vita kwa kutazama magando tu. Usiwafanye wote wafanane, hata kama ni nakala za mama mmoja. Damu ni moja lakini maisha hayakuwa mamoja.

Mvuvi Mstaafu, Kayole, amejibu:

Kijana wangu, akishakubana usivute. Ukivuta, naye anakaza, na ngozi itachanika kabla yeye hajachoka. Rudisha mkono majini pamoja naye, utulie. Mara nyingi akihisi maji na chini ya kukanyaga huachia mwenyewe akimbie, kwa kuwa hakukushika ili akule, alikushika ili umwache. Kumkamata ni kwa nyuma, mgongoni, nyuma kidogo ya magando, vidole viwili, hawezi kukufikia. Wengine humng'oa gando, lakini hiyo haisaidii sana: mwenyewe anaweza kulikata kwenye kiungo na kwenda zake, nawe ukabaki na gando kidoleni, bado limebana, na hapo inabidi upate mwenzako wa kulipanua kwa mikono miwili. Sura hiyo ukiiandika, mwenzako huyo asiwe anacheka, maana sisi tulikuwa tunacheka na aliyebanwa hakusahau.